Nyonga ni ya Musyoka

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, nami nikiwa mtoto wa kaptula pale mtaani Ziwani. Majirani zetu Waislamu walikuwa na harusi, na sisi watoto wa Kikamba tukajipanga kando ya sufuria la pilau utadhani tulialikwa kwa majina. Nikapewa mfupa wa mbuzi. Nikaufyonza, nikautupa. Mzee mmoja akauokota, akaugonga kwenye jiwe, uboho wa ndani ukachomoza. "We kijana, umetupa utamu ukala ganda!" Walinicheka mpaka jioni. Harusi za siku hizo zilikuwa na chakula, si hizi za kupiga picha. Lakini tuyaache hayo.

Nilitaka kukuambia habari za Musyoka. Nikitaja mifupa hunijia yeye, maana sijaona mtu aliyejua kutafuna mfupa kama yeye, hadi taya lake lilipovunjika.

Musyoka alikuwa jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta tu. Kazi yake ilikuwa kuita wateja wa mitumba soko la Gikomba. Alikuwa na sauti, weee! "Chagua mama, chagua! Bei ya jioni nakupa asubuhi!" Basi siku moja mkokoteni wa marobota ukaingia shimoni, mpini wake ukaruka, ukampiga Musyoka kidevuni. Badala ya kwenda hospitali akajifunga leso kichwani, akasema ni uvimbe, utashuka. Alipokwenda, usaha ulikuwa umeshaingia mfupani.

Daktari akakitoa kipande cha mfupa kilichooza, akamfunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Akamweleza wazi: pale pamebaki pengo, na pengo hilo haliungi lenyewe. Itabidi daktari achukue mfupa kidogo nyongani mwa Musyoka mwenyewe, aupachike tayani, aubane kwa chuma, ushike polepole. Nyonga itauma kwa muda, kisha itapoa. Asipokubali, taya litabaki limelegea, na ile sauti ya Gikomba ndiyo basi. Akaambiwa arudi Jumatatu na jibu.

Jumapili tukaenda kumwona. Unajua desturi yetu, mgonjwa haachwi peke yake. Nyumba ikajaa. Yeye ameketi kitandani, ananyonya uji kwa mrija, sisi tunaongea.

"Nyonga haiguswi," akasema Kioko, kaka yake mkubwa. "Mwanamume bila nyonga atabeba nini?"

"Kuna msee, jamaa mmoja wa huko Njiru, alikatwa hapo," akadakia mwingine. "Saa hii anatembea hivi." Akainuka akatuonyesha, anachechemea kama kuku aliyefungwa mguu. Tukacheka.

Nami, bila kuulizwa, nikasema heri uji maisha yote kuliko kuwa kiwete. Nilijuaje? Sikujua chochote. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, ndiyo maana hauvunjiki.

Musyoka akaandika kitu kwenye simu, akamnyooshea kaka yake. Kioko akausukuma ule mkono. "Ngoja kwanza, bwana, tunaongea mambo yako."

Hapo akaingia Bi Zuhura, bibi mkongwe kuliko wapangaji wote wa ploti yetu, na chupa yake ya uji. Akaiona ile simu inaning'inia hewani. Akaichukua, akanipa mimi. "Macho yangu yamekwisha. Soma."

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Nikasoma kwa kudonoa kama kuku: "Nataka kutibiwa. Nyonga ni yangu."

Bi Zuhura akatugeukia. "Nyinyi! Mwenzenu amefungwa meno, hakufungwa akili. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwulizeni yeye."

"Sawa, Bi Zuhura," akaanza Kioko, "lakini tuseme ukweli, hii nyonga..." Na mjadala ukawaka tena, na mimi nimo.

Musyoka akaweka kikombe chini taratibu. Akavaa koti. Akachukua mfuko wa dawa, akamwinamia Bi Zuhura, akatoka. "Anapunga hewa," Kioko akasema, akaendelea kuongea.

Uji ulipoa. Hakurudi usiku huo, hakurudi mwezi huo, hakurudi tena. Tulisikia kwa watu kwamba alipasuliwa, mfupa ukashika, na sasa anaita wateja soko jingine, anatembea sawasawa. Kioko alimpigia simu mara nyingi. Haishikwi.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukienda kumwona mgonjwa, peleka uji, peleka masikio, hadithi za kutisha ziache mlangoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mtu asiyeweza kusema, mwulize mara mbili, umngoje ajibu.

Mungu akulindie mifupa yako yote. Na ikitokea mmoja umevunjika, akuzungushie watu wa kukuuliza.