Kilemba cha Ustadhi Khushi

Kwa miaka ishirini na sita Khushi Muhammad alifundisha mpira wa magongo kwenye uwanja wa udongo nyuma ya shule, katika mji mdogo usio mbali na Faisalabad. Hakufundisha timu, alifundisha mtu mmoja mmoja. Baada ya sala ya alfajiri uwanja ulifagiwa na kunyunyiziwa maji, matofali ishirini yakapangwa mstari mmoja, na kila mchezaji akapenya katikati yake, mpira umeganda kwenye gongo. Aliyegusa tofali alirudi mwanzo, hata kama alikuwa akichezea mkoa.

"Ndama ukimpiga hukimbia," alikuwa akisema. "Mbembeleze."

Hakuna aliyeubembeleza mpira kama Akhlaq, mtoto wa mfumaji. Aliletwa akiwa na miaka kumi na miwili, na baba yake alifuata desturi: kilemba cheupe na sinia la laddu, vile vitamutamu vya mviringo. Khushi alivaa kile kilemba mbele ya watu, akamlisha Akhlaq kipande cha laddu kwa mkono wake, mambo yakaisha. Kila mtu alijua maana yake. Akhlaq asingefundishwa na mtu mwingine bila idhini ya ustadhi wake, na kilemba kikirudishwa, uanafunzi umevunjika.

Akhlaq alipofika miaka ishirini, aliitwa Lahore kwenye majaribio ya timu ya taifa ya vijana. Ulikuwa mwaka wa mwisho ambao umri wake ulimruhusu, na majaribio yangefanyika kwenye uwanja wa zulia, yaani nyasi bandia. Sajjad, mwanafunzi wa zamani wa Khushi ambaye sasa alifundisha kwenye zulia kule Faisalabad, alikuja na pikipiki yake kuomba.

"Ustadhi, niachie Akhlaq kila Ijumaa. Kule mpira unakuja kama risasi. Lazima ajue kuinama, kulaza gongo, na kuachia mpira mapema."

"Zulia!" Khushi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Zulia watu hukalia, Sajjad. Na wewe naona umekalia sana, tumbo lenyewe ndilo hilo!"

Wachezaji wakaangua kicheko. Sajjad naye akacheka kidogo. "Nitanie utakavyo, Ustadhi, lakini mpe ruhusa."

"Nilikufundisha nini ambacho hakikukutosha?"

Sajjad akainamisha kichwa. Akhlaq ndiye aliyejibu, taratibu: "Ustadhi, ni Ijumaa nane tu."

"Nenda. Ila ukienda, kilemba chenu nitakirudisha kwa baba yako."

Akhlaq hakwenda. Mji mzima ukamsifu kwa adabu. Ndiyo maradhi yetu hayo: kijana akizikwa hai, tunasifu jinsi alivyolala kwa utulivu.

Lahore walikwenda pamoja. Khushi alikaa jukwaani, kilemba kichwani. Pasi ya kwanza ilimfikia Akhlaq akiwa amesimamisha gongo wima, kama alivyozoea kwenye udongo. Mpira ukapita chini ya mikono yake ukatoka nje. Ya pili vilevile. Ya tatu aliinasa, akawapita mabeki watatu kama matofali, jukwaa zima likapiga kelele za furaha. Wenzake wawili walikuwa peke yao mbele ya goli, mikono juu, wakimwita. Akhlaq alikuwa bado anabembeleza. Beki wa nne akamnyang'anya.

Mzee mmoja wa kamati ya uteuzi alimgeukia Khushi. "Mikono kama ya huyu sijaiona miaka mingi. Lakini kacheleweshwa. Nani kamfundisha?"

Swali hilo Khushi alikuwa amelisubiri maisha yake yote.

"Sijui," alisema.

Akhlaq hakuteuliwa, na miaka minne ikapita. Khushi hakufundisha tena; matofali yalibaki yamerundikwa ukutani. Mchana mmoja Khushi alikikunja kilemba, akaenda kwenye karakana ya vitambaa alikofanya kazi Akhlaq. Mashine za kufumia zilinguruma kiasi kwamba hakuna aliyesikia salamu yake. Kisha umeme ukakatika, kama kila siku, na kimya kikawaangukia.

"Ustadhi!" Akhlaq aligeuka. "Karibu, ukae. We Bashir, leta chai!"

"Sikuja kunywa chai, mwanangu." Khushi alinyoosha kilemba kwa mikono miwili. "Nakurudishia. Nenda ukajifunze popote unapotaka."

Akhlaq alikitazama. Vidole vyake, vile vile vya Lahore, vilikuwa vimeshika uzi uliokatika.

"Nikajifunze nini sasa, Ustadhi?"

"Nilikosea, Akhlaq. Siku ile alipokuja Sajjad."

"Neno moja tu ningelitaka. 'Nenda', bila lile lililofuata." Hakulisema kwa hasira. Afadhali angekasirika. "Kila nikisikia mashine hizi zinaanza, huwa nalisubiri."

Khushi alifungua mdomo ajibu. Umeme ukarudi, mashine zote arobaini zikanguruma kwa pamoja. Akhlaq akafunga fundo kwenye uzi wake, akainamia kazi. Khushi alisimama kidogo, akitamka kitu ambacho hakuna aliyekisikia, kisha akatoka na kilemba chini ya kwapa.