Vibao Saba vya Kituo cha Batri

Rafiki yangu alikuja kwenye karakana yangu ya mtaa wa Mapendo asubuhi moja ya mvua, bahasha ameificha chini ya koti kama mtu anayebeba kifaranga. Mimi ni mchoraji wa vibao. Nimechora majina ya saluni, watakatifu kwenye milango ya maduka ya dawa, na ng'ombe wasiohesabika kwa ajili ya wauzaji wa jibini ya Masisi. Aliweka bahasha mezani, akasema, "Sha, rafiki, leo nakuletea kazi ya maana."

Hakuwa mteja tu. Tulikaa dawati moja shuleni kwa masista, kule Bukavu. Familia zetu zilihamia Goma mwaka mmoja, na yeye ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu wa kwanza. Sasa alikuwa msimamizi wa kituo cha pikipiki za umeme. Dereva anaingia na batri iliyoisha, anaiacha ichajiwe, anatoka na nyingine iliyojaa. Essence, yaani petroli, ilikuwa imeadimika mjini, na wale waliozicheka pikipiki zisizonguruma sasa walizipangia foleni. Ni yeye pia aliyempa kazi hapo mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, mwanaume wa miaka thelathini aliyechoka kuendesha pikipiki za wenzake. Kwa hilo peke yake ningempakia rangi kituo kizima bila kuuliza neno.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha saba, maandishi yote ya Kifaransa. Radi ndani ya pembetatu ya njano. Mwali wa moto. Sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Fuvu la mtu. Na nyingine ambazo hata mimi sikuzielewa.

"Wageni wa mradi wanakuja," alisema. "Wanataka kuona usalama. Nichoree kubwa kubwa, zionekane toka barabarani."

Nilimwambia Kifaransa peke yake hakitoshi. Akanijibu nifanye ninavyojua.

Niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Nilichora mifano kwenye makaratasi, nikaipeleka kwa madereva waliokuwa wakisubiri kituoni. Kwenye mmoja nilikuwa nimeandika HATARI YA MOTO. Muzee mmoja, mkubwa kuliko wote pale, alicheka mpaka akashika kiti cha pikipiki yake. "Mama, hapa moto ndiyo kazi yetu! Unatutisha na kazi yetu?" Kwetu pikipiki ni moto, na moto ni moto vilevile. Nikafuta, nikaandika HATARI YA KUUNGUA. Ule mwali waliuona kama kitunguu, nikauchora upya mara tatu.

Kibao kilichonichukua muda zaidi ni cha batri iliyovimba. Mdogo wangu ndiye aliyenieleza. Batri ikianguka kwenye haya mawe ya volkano, au ikichajiwa vibaya, huvimba tumbo, na hiyo si ya kubebwa tena. Alikaa kwenye kigoda changu, akakumbatia dumu la mafuta ya kupikia kana kwamba ni batri, nami nikamchora hivyo: mtu amebeba kitu chenye tumbo, na juu yake msalaba mwekundu. Chini nikaandika: BATRI IMEVIMBA? USIIGUSE. TOKA NJE. ITA MSIMAMIZI.

"Yaya, umenifanya niwe mubaya," alisema alipojiona; kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Mutu wa kwenye kibao hapaswi kuwa mzuri," nikamjibu.

Vibao vilitundikwa kwenye ukuta wa mawe meusi siku moja kabla ya wageni kufika. Nilivitundika mwenyewe, na jina langu nililiandika kwenye kona ya chini ya kila kimoja, kwa herufi ndogo. Rafiki yangu alinipa karatasi nitie sahihi kwamba vibao saba vimewekwa. Nilitia. Wageni walipiga picha mbele ya vibao, mmoja akaniomba nisimame katikati. Jumapili ile, baada ya misa, niliwapeleka wanangu wakavione.

Haikupita hata wiki mbili nikapita pale nikitoka kununua rangi, nikaona ukuta mtupu. Misumari tu ndiyo ilikuwa imebaki.

Nilimkuta ofisini, anakunywa chai. Hakushtuka. "Batu banaogopa," alisema. "Unajua mji wetu. Ukiweka kichwa ya mutu alikufa juu ya ukuta, wanafikiri kuna mabomu yametegwa. Wateja watatu waligeuza pikipiki mlangoni. Tutaviweka ndani, kwenye chumba cha kuchajia, mahali wafanyakazi wanaviona. Ni wao vinawahusu, ao siyo?"

Lilikuwa neno lenye akili. Katika mji huu fuvu tumeliona likiwekwa mahali ambapo mtu akikanyaga anakufa. Nilimwamini, nikanywa chai yake.

Siku chache baadaye nilimuuliza mdogo wangu kama vibao vimewekwa ndani. Aliangalia pembeni. "Viko nyuma ya kabati, yaya. Vimegeukia ukuta. Acha tu, tafadhali. Ukienda kumuuliza, atajua ni mimi nimesema."

Nikaacha. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe anajua hatari zote, si ndiye aliyenifundisha? Nilifikiri kibao ni cha mtu asiyejua.

Ilitokea asubuhi, kama saa nne, foleni ikiwa imefika barabarani. Dereva mmoja alileta batri iliyokuwa imeanguka njiani. Mdogo wangu aliiona imevimba, akasogea mbali, akamwita msimamizi. Yale aliyoambiwa nimeyasikia kwake na kwa wale waliokuwa mbele ya foleni, na hayatofautiani.

"Ibebe, upeleke nyuma, mbio. Batu banatuangalia."

"Mama, hii haibebwi."

"Utaniletea matatizo mbele ya wateja? Beba!"

Akaibeba. Alipofika nyuma ya nyumba ilianza kulia kama mafuta kwenye kikaango, ikatoa moshi mweupe, kisha mwali. Aliitupa, lakini ilikuwa imekwisha kumkamata mikono hadi kwenye viwiko, na ule moshi alikuwa ameuvuta. Yule muzee aliyecheka kibao changu cha moto ndiye aliyemvuta kwa mkanda wa suruali, wengine wakaimwagia batri mchanga.

Hospitalini, sauti yake ikiwa imekwaruza, mdogo wangu aliniambia neno ambalo sijaweza kulitoa kichwani: "Kama kile kibao kingekuwa ukutani, ningemuonyesha kidole tu. Nisingehitaji kubishana naye."

Ndipo nilipoelewa kazi yangu, baada ya miaka yote ile ya kuifanya. Mtu anaweza kujua hatari yote na bado asiwe na nguvu ya kumkatalia anayempa mkate. Kibao kingekataa kwa niaba yake.

Rafiki yangu alikuja siku hiyo hiyo mchana na chupa ya supu. Alilia, nami nikalia begani mwake. Kesho yake akanipigia simu. Alisema amejifunza, vibao vinarudi ukutani leo leo kwa ajili ya wale waliobaki, ila viwili vimechubuka huko vilikokuwa. Je, ningeweza kuja na rangi kidogo? Nilimwacha mama kando ya kitanda cha mgonjwa, nikaenda. Nilifuta vumbi, nikajaza palipochubuka, nikavitundika vyote saba kwenye misumari ile ile. Nakumbuka nilimshukuru. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia merci.

Juma lililofuata tuliitwa mbele ya mkaguzi wa kazi. Mdogo wangu hakuweza kutoka hospitalini, nikaenda mimi. Rafiki yangu alikuja na kabrasha safi. Ndani mlikuwa na picha za siku ya wageni, picha mpya zilizopigwa baada ya mimi kuondoka na brashi yangu, na ile karatasi yenye sahihi yangu. Ripoti yake ilisema mfanyakazi alipuuza onyo lililokuwa wazi mbele ya macho yake. Tena, ilisema, mfanyakazi huyo alilijua onyo hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu picha iliyochorwa ni yake mwenyewe.

Mkaguzi alinigeukia. "Mama, hili jina kwenye kona ni lako?"

"Ni langu."

"Na sahihi?"

"Yangu pia. Lakini vilitolewa. Vilikaa nyuma ya kabati mpaka siku iliyofuata ajali. Mimi mwenyewe ndiye niliyevirudisha, aliniita yeye."

Mkaguzi akamwangalia rafiki yangu. Naye rafiki yangu aliniangalia mimi, si mkaguzi. Aliniangalia kwa upole, vile alivyokuwa akiniangalia nilipokosea hesabu mbele ya sista.

"Havikutolewa hata siku moja," alisema. "Namuelewa. Ni mdogo wake. Hata mimi ningesema vile."

Sikujua kwamba uongo unaweza kusemwa kwa sauti ya kunihurumia. Nilikuwa nikiitazama ile picha mpya ya kibao cha batri: rangi yangu nyekundu, bado mbichi, inang'aa juu ya mikono ya mdogo wangu.

Yule muzee dereva alikuja siku iliyofuata kwa hiari yake, akaeleza kwamba ukuta ulikuwa mtupu. Mkaguzi aliyaandika maneno ya pande zote mbili, moja chini ya lingine, akagonga muhuri. Kituo kiligharamia matibabu. Hawakukubali kosa, na mdogo wangu hawakumrudisha kazini. Rafiki yangu yuko palepale mpaka leo, na vibao viko ukutani, hilo siwezi kulikana. Wateja hawakukimbia.

Alinifuata mara moja karakanani. Alisimama mlangoni, hakuingia. "Nina watoto wanne. Ulitaka nipoteze kazi?"

"Nilitaka useme tu kwamba vilikuwa nyuma ya kabati."

"Ni kitu kimoja," alisema, akaondoka. Kwa yote aliyoniambia, nadhani hilo ndilo pekee lililokuwa la kweli tupu.

Ningependa kuishia hapo, kosa lote likiwa lake. Lakini mdogo wangu alipotoka hospitalini alikaa kwangu miezi miwili, vidole viwili vya kulia vimekataa kukunjika, na siku moja, nikimkatia nyama kwenye sahani, aliniuliza bila hasira, "Yaya, juu ya nini ulivirudisha vile vibao ukutani?"

"Nilifikiri ni kwa ajili ya wenzako."

"Hukuniuliza kwanza. Nilikuwa kitandani, nilikuwa naweza kuongea. Na ile siku nilikuambia uache, wewe ni mukubwa wangu. Hukupaswa kuacha."

Nilimaliza kukata nyama, nikamsogezea sahani.

Sasa anaishi Bunagana kwa shemeji yetu, anaandika orodha za mizigo kwa wafanyabiashara wanaovuka mpaka, kwa mkono wa kushoto aliojifundisha. Hunipigia simu Jumapili. Huniuliza kuhusu mama na mvua, nami humuuliza bei ya viazi kule. Tukifika hapo, nasikia malori nyuma yake, kisha ananiambia salio linaisha.