Kidonge Kilichomenywa Kama Kahawa

Mwezi uliopita, kabla ya kupanda mlimani, nilipitia duka la dawa pale Elerai, mjini, nikaomba vidonge vya kuzuia chafya. Binti wa dukani akanipa pakiti ndogo. Nikamwomba na glasi ya maji, akadhani nataka kumeza. Mimi nikatumbukiza kidonge kimoja ndani ya glasi, nikainama kukitazama.

"Mama, hicho ni cha kumeza, si cha kuyeyusha!" akasema, huku akiwatupia jicho wateja wengine.

"Najua, mwanangu. Ngoja kwanza nione tabia yake."

Wakacheka wote. Wangelelewa na bibi yangu, wasingecheka.

Nililelewa juu huko, Meru, wakati Mwingereza bado anatawala. Wazazi wangu walikuwa kwenye mashamba ya mkonge, Tanga, nami nikaachwa kwa Bibi, mama yake baba. Nyumba yetu ilizungukwa na migomba, na chini ya migomba kulikuwa na mibuni. Kahawa ndiyo iliyotuvisha, ndiyo iliyolipa kodi na ada ya shule. Baba mkubwa, aliyekuwa mkuu wa boma letu, aliitaja kwa adabu kama mtu anavyomtaja mkwewe.

Mvua za kwanza zikishanyesha, mibuni huchanua yote kwa pamoja. Rafiki yangu, kama hujawahi kuamka ukakuta shamba zima limekuwa jeupe, na harufu tamu imeingia mpaka kwenye kibuyu cha maziwa, sijui nikueleze vipi. Wenzangu waliifurahia. Mimi nilipiga chafya mpaka mbuzi wakaacha majani wakanitazama. Macho yalivimba, pua ikatiririka kama mfereji wa kumwagilia.

Bibi akanipeleka zahanati ya misheni. Dresa, yule mhudumu wa kutoa dawa na kufunga vidonda, alikuwa mtu wa Pwani, Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sisi tuliokiokota shuleni na kanisani. Akanifunua macho, akanichungulia pua, akasema, "Bibi, maua ya kahawa ni mzio wa mtoto huyu."

Siku hizi neno hilo liko kwenye kila pakiti ya dawa. Kwetu wakati ule, mzio ulikuwa mwiko, kitu ambacho mtu au ukoo umekatazwa. Tuliwajua watu wenye mwiko wa nyama fulani. Lakini kahawa! Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Tulimkuta baba mkubwa amekaa kwenye kigoda, kofia iko gotini.

"Mama, mtoto mwenye mwiko wa kahawa atakaaje chini ya mbuni? Apelekwe Kikwe kwa shangazi yake. Kule chini ni mahindi na vumbi tu, hakuna cha kumkataa."

"Nani kamkataa? Amepiga chafya tu."

"Dresa amesema mzio, Mama. Hakusema chafya."

Shangazi nilimpenda, lakini Kikwe hakukuwa na Bibi. Nilishika kanga yake kwa nyuma, naye bila kugeuka akaufunika mkono wangu kwa wake.

"Nipe mpaka maua ya mwakani," akamwambia mwanawe. "Akipiga chafya, mchukue." Baba mkubwa akakubali, kwa sababu alimwogopa mama yake kama sisi tulivyomwogopa yeye.

Dresa alikuwa ametupa vidonge vyeupe. Bibi hakuridhika na aina moja, maana hata jembe hakulinunua bila kulilinganisha na mengine. Akaagiza vya njano kutoka duka la Mhindi mjini. Jirani yetu, aliyekuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba, akaleta vyekundu vinavyong'aa alivyopewa na memsahibu, mke wa huyo mzungu. Bibi akapanga vikombe vitatu vya bati kizingitini, akavijaza maji ya mfereji, yale ya kutoka juu, yanayouma meno.

"Kisichoweza kufa kwenye maji kitafia wapi? Tumboni mwa mtoto?" alisema. "Tumbo si kinu."

Cheupe kilitoa moshi mwembamba, kikalegea, kikalala chini kama majivu. Cha njano kilipasuka vipande, vipande vikakaa vinatutazama. Chekundu kilipaka maji rangi ya waridi, kisha kikabaki kitu cheupe, kigumu, kinateleza. Bibi akakitoa kwa vidole, akakisugua, uso ukamng'aa.

"Hiki ni kahawa!" akasema. "Kina ganda, kina utelezi, na mbegu iko ndani. Kinatengenezwa kama kahawa."

Basi akakifanyia kama tulivyofanya miaka yote. Akakimenya, akakiosha mpaka utelezi ukaisha, akakiweka juani kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, kidonge kimoja peke yake katikati ya kichanja kizima, nami nikawekwa kukilinda. Yale maji ya waridi niliomba kuyanywa kwa kuwa yalikuwa matamu. Akayamwaga. Nani anakunywa maganda?

Nilipogeuka kufukuza mbuzi, kuku akaruka juu ya kichanja akakidonoa. Haukupita muda akaanza kuyumba, akaegemea ukuta, shingo ikaingia mbawani, akalala mchana kweupe huku vifaranga vikimpanda mgongoni. Jirani mpishi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, huyo kuku naye alikuwa na mzio?"

Bibi hakucheka. Alikaa na kuku wake mpaka alipoamka. Kisha akaamua. "Chekundu ni cha wazungu na vitanda vyao. Cha njano ni mkaidi. Mtoto atakunywa cheupe. Hakigombani na maji."

Mwaka ukazunguka, maua yakaja. Asubuhi ile Bibi akaniyeyushia cheupe kwenye maziwa ya moto, akaniketisha katikati ya shamba juu ya jani la mgomba. Baba mkubwa akaja na kofia yake, akasimama mbele yangu akiitazama pua yangu kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Nyuki walivuma. Pua iliwasha kidogo, nikabana vidole vya miguu. Kisha kope zikawa nzito, na kitu cha mwisho nilichokisikia ni sauti za baba mkubwa na Bibi.

"Amelala!"

"Amepiga chafya?"

"Hajapiga. Lakini Mama, amelala!"

"Basi kulala nako ni mwiko? Shika upande wa miguu tumpeleke ndani."

Sikupelekwa Kikwe. Ndivyo Bibi alivyonipigania nibaki, nami nilipokua nikaondoka kwa miguu yangu: Tanga, Mwanza, Mbeya, kila mahali miaka michache halafu safari. Bibi alizikwa pale pale kwenye migomba.

Safari hii nilipanda nikiwa na pakiti yangu ya Elerai mfukoni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, muda wenyewe wa maua. Kwa makusudi sikumeza kitu. Nilisimama pale palipokuwa na kichanja, nikavuta pumzi kwa nguvu, nikainua uso, nikangoja. Mibuni imeng'olewa, sasa ni maharage na nyumba za vijana. Hewa ilikuwa safi kabisa. Nilingoja sana chafya yangu, ikakataa kuja.