Miaka Iliyobaki ya Kitanzi

Shughuli nzima ilinigharimu nauli ya bodaboda kutoka Ilongero mpaka mjini, kwenda na kurudi, pamoja na siku ya mnada bila kuuza hata kuku mmoja. Huduma yenyewe ya uzazi wa mpango ilikuwa bure, na bure hainipi pa kuanzia kupatana bei.

Kilichonipeleka ni mtoto wa tano. Nilikuwa nimehesabu siku zangu mara mbili, nikapata majibu mawili, mume wangu akachagua lililomfaa.

Nesi aliweka mezani kijiti cha mkononi, chenye homoni, miaka mitatu, na kitanzi cha shaba, kisicho na homoni, miaka kumi.

"Chukua kijiti, wifi," akasema wifi yangu aliyenisindikiza. "Mimi mwezi wa sita huu sijaona hedhi. Raha tupu!"

"Na mimi nisipoiona, nitahesabu nini?"

Nesi akacheka. "Basi kitanzi, mama. Ila hedhi inaweza kuwa nzito, hasa mwanzoni."

"Nzito haitanipita bila kuhesabiwa."

Nikawekewa. Njiani kurudi nikapiga hesabu, nikairudia: nina miaka arobaini na minne. Naomba mnishauri. Hedhi ikikoma nikiwa na hamsini, ile miaka minne ya kitanzi itakayobaki nimdai nani?