Siku Kaka Aliponifungia Kava ya Rejeta

Pikipiki yangu niliinunua Morogoro, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Ni ya zile chache zinazopozwa kwa maji, yaani ina rejeta mbele ya injini kama gari. Barua yangu ya uhamisho wa kurudi Kigoma ilipotoka, pikipiki niliipakia kwenye behewa la mizigo, nikapanda treni hiyohiyo, na njia nzima nilikuwa naiwazia ili nisiwaze ninakokwenda.

Nilikuwa narudi kwetu. Nimezaliwa Katubuka, na nyumba ya mama bado ipo. Wanaishi humo kaka yangu na mkewe. Mimi niliporudi nilipanga chumba Ujiji.

Kazi yangu ni ya mifugo. Naenda vijijini kuchanja ng'ombe na mbuzi, barabara za changarawe na vumbi jekundu. Mwezi wa kwanza tu, jiwe lililorushwa na tairi la lori liliipiga rejeta. Halikuitoboa, ila lilivikunja vile vibati vyembamba vinavyopitisha upepo. Muuza spea mmoja akaniagizia kava kutoka Dar es Salaam, bamba jeusi la chuma lenye matundu, la kukinga rejeta kwa mbele. Ilipofika, ikawa imetengenezwa kwa ajili ya pikipiki nyingine inayofanana na yangu. Fundi wa kwanza aliitazama akanirudishia. Wa pili aliijaribisha, akatikisa kichwa.

"Hizi za rejeta mpelekee yule mzee wa Bangwe," akasema. "Amezoea injini za maboti, mambo ya maji anayajua. Hapa mjini hutapata mwingine."

Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba yule mzee wa Bangwe tumezaliwa naye tumbo moja.

Mama aliugua miaka mitatu. Muda wote huo kaka ndiye aliyembeba kumpeleka uani na kumrudisha ndani, ndiye aliyemlisha mkono wake wa kulia ulipopooza. Mimi nilikuwa Morogoro. Kila nilipopigiwa simu nilisema nitakuja likizo, na likizo ilipofika nilipata semina, au nilisema nimepata. Siku alipofariki, alizikwa siku hiyohiyo kabla ya magharibi, kama inavyotakiwa. Mimi nilifika siku ya tatu, watu wanajiandaa kwa khitma. Nikiwa bado na begi begani, nikamwambia kaka mbele ya majirani, "Mngenisubiri."

"Miaka mitatu tumekusubiri," akasema, akaenda kukunja mikeka.

Tangu siku hiyo hatukuwa tumezungumza.

Nilikwenda Bangwe asubuhi ya Jumamosi. Karakana yake ni paa la mabati juu ya nguzo nne, karibu na wanapoanika dagaa, na harufu yake imeingia hadi kwenye matambara ya kufutia grisi. Alikuwa amekaa juu ya kreti, anasafisha plagi. Ndevu zimeota mvi. Nikaelewa kwa nini vijana wanamwita mzee.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Aliinua macho, akaitazama pikipiki kwanza, halafu mimi. "Ina shida gani, bosi?"

Bosi ni neno la mafundi wote kwa wateja wote. Mimi alikuwa ananiita dogo, tangu nianze kutembea. Nikamkabidhi kava na kumweleza habari ya jiwe.

Aliigeuzageuza, akaipima kwa macho juu ya rejeta. "Si yake hii."

"Najua. Wenzako wawili wameshindwa."

Alifungua bolti za pembeni, akasogeza kando mpira wa maji, akachuchumaa. Kabla ya kuigusa kava alichukua bisibisi ndogo kuliko zote na kuanza kuvinyoosha vile vibati vilivyokunjwa, kimoja baada ya kingine. Sikuwa nimemwomba. Ilimchukua karibu saa nzima. Nilisimama nyuma yake, natazama shingo yake na ukosi wa shati uliochanika, na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Matundu mawili ya juu ya kava yalikaa sawa. Ya chini yalipishana na mahali pake kwa upana wa kidole. Kaka aliibana kava kwenye jiliwa, akayapanua matundu kwa tupa, akaijaribisha, akarudi kuikwangua tena. Kisha akakata vipande vinne vya mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu.

"Vya nini?" nikauliza.

"Chuma kisigusane na rejeta. Ikitetemeka itaila. Na ikae mbele kidogo, matundu yake madogo, yanaziba upepo." Akanionyesha kwa kidevu. "Shika hapo. Usisukume."

Nikapiga magoti upande wa pili nikaishika. Vidole vyetu vilikuwa karibu sana, vyake vina makovu ya moto, vyangu safi. Akaingiza bolti ya kwanza, akaizungusha kwa mkono. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Morogoro. Nilikuwa nimeyasema peke yangu ndani ya treni, na barabarani, ndani ya helmeti. Kwamba semina nyingine zilikuwa za uongo. Kwamba niliogopa kumwona mama amelala vile. Kwamba nilijua hata wakati nalitamka lile neno kuwa sina haki nalo.

Alikaza bolti ya mwisho, akawasha injini kusikiliza kama kuna kinachogonga. Ndipo nikaanza. "Kaka, ile siku niliyofika," nikasema, na sauti yangu ikazama kwenye mngurumo.

"Sikusikii!"

Akazima. Zikasikika sauti za akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa, wakiongea Kiha. Kaka aliniangalia moja kwa moja kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Ulikuwa unasema?"

Alisubiri. Nakumbuka hivyo kwa uhakika, kwamba alisubiri, ameshika spana, na hakuonekana kuwa na haraka.

"Nilikuwa nauliza kama itachemka," nikasema.

Macho yake yakarudi kwenye pikipiki. "Haitachemka. Kwenye mlima mrefu tazama taa ya joto. Ikiwaka, simama."

Alinitajia bei ambayo angemtajia mtu yeyote, hakupunguza wala hakuongeza. Nikalipa. Akaniambia, "Karibu tena, bosi," na alikuwa ameshageukia kazi nyingine.

Kava ile ni kazi nzuri. Nimekwenda nayo vijijini masika mawili na haijalegea. Mafundi wa mjini huniuliza nani aliyeifunga, nami huwaambia ni yule mzee wa Bangwe.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata siku ile ya Bangwe nilijikaza, nikaenda Katubuka Jumapili moja baada ya alasiri. Nilibeba tende na sukari. Redio ilikuwa inasikika ndani, mpira unatangazwa. Nilipopiga hodi ikapunguzwa sauti, kisha ikazimwa. Shemeji akatoka, akausogeza mlango nyuma yake bila kuufunga.

"Karibu, shemeji. Habari za Ujiji?"

"Nzuri. Kaka yupo?"

Alitazama chini. Ni mwanamke asiyeweza uongo, na ilimpa tabu. "Amelala, shemeji. Saumu imemchosha."

"Basi msimwamshe."

Alipokea mfuko kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniuliza afya yangu na kazi, mambo yote ya kuulizana. Nikamwomba amsalimie. Akasema salamu zitafika. Nilishuka ngazi taratibu, nikavaa helmeti taratibu, nikifikiri labda mtu ataita. Shemeji alibaki mlangoni hadi nikapanda pikipiki. Kisha akaingia ndani, nikasikia komeo.