Lisansi Niliyoificha Kilimani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, na leo nakupa wewe uibebe. Ni siku niliyoitwa barzani, mbele ya wazee, nieleze ninafanya nini kilimani na simu yangu. Nakusimulia kwa sababu mdogo wangu, mama yako, ameniambia kwamba umejiandikisha kusomea shahada ya lisansi ya sosiolojia kwa intaneti, huko huko Bisie, katikati ya zamu zako za mgodini, na kwamba umemkataza asimwambie mtu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe kweli damu ni nzito kuliko maji! Ujanja huo umeurithi kwa mama yako mkubwa, na mimi ulikaribia kunimaliza.

Wakati ule sikuwa kijana wa miaka. Nilikuwa mama wa watoto watatu, na mvi zilikuwa zimeanza kuchungulia chini ya kitambaa, lakini kwa akili nilikuwa kijana tu, tena mwenye kiburi. Zamani nilikuwa nimeanza chuo Goma, vita vikanirudisha Masisi kabla sijamaliza mwaka wa kwanza, na watu wakanipachika jina: Mama Lisansi. Nikienda soko la Sake na maharagwe yangu, nasikia, "Mama Lisansi, leo maharagwe iko bei gani?" Jina lile liliniuma, sikufichi. Kwa hiyo nilipopata tena nafasi ya kusoma, mara hii kwa simu, niliapa kwamba hakuna atakayejua mpaka nishike diploma mkononi.

Nilikuwa nafanya kazi ya kutengeneza fromaji, ile jibini yetu, karibu na Lushebere. Unaijua kazi hiyo. Maziwa hufika asubuhi, yanapashwa moto, yanagandishwa, yanakatwa, yanatiwa kwenye vyombo vyake na kugandamizwa kwa mawe. Maziwa hayangoji mtu amalize sura ya kitabu. Ila yakishawekewa mawe mtu hupata pumziko, na wenzangu walipokaa kula viazi, mimi nilipanda kilima cha nyuma ya malisho, mahali pekee ambapo rezo, mtandao wa simu, ilishika. Niliwaambia naenda kuangalia maharagwe yangu. Maharagwe gani ya kuangaliwa kila siku! Yangekuwa na mdomo yangenisema.

Kule juu nilikuwa mtu mwingine. Niliwasikiliza walimu huku nikitazama bonde, nyumba, moshi wa wapishi, na nikajiona nimewashinda wote walionicheka. Sikujua kwamba na mimi natazamwa.

Wiki moja watu wenye silaha walishuka malishoni wakaswaga ng'ombe. Walijua njia, tena walijua saa ambayo wachungaji wanakula. Nani aliwaambia? Mpaka leo hajulikani. Lakini Papa Safari, mwendesha pikipiki aliyepoteza ng'ombe wake siku ile, alisema kwa sauti neno ambalo wengine walikuwa wakilinong'ona: kuna mama anapanda kilimani na telefone kila siku, wakati ule ule wachungaji wanakula. Mwanangu, kwetu neno kama hilo si dogo. Limehamisha watu vijiji, na wengine limewaondoa duniani. Mwenye kazi akaniambia nisiguse maziwa mpaka jambo liishe. Jirani yangu, ambaye tulikuwa tukiombana chumvi bila hodi, akafunga mlango aliponiona nakuja. Hapo niliogopa. Niliogopa kwa ajili ya wanangu.

Ndipo nikaitwa barzani. Mzee Bauma, aliyeongoza barza yetu, hakuwa mtu wa kelele. Alingoja wote wakae, hata wale waliochelewa, kisha akanigeukia.

"Mama Neema, batu banakuonaka kule juu na telefone. Unasemaka na nani?"

"Minasomaka, Papa Mzee."

Watu wakaguna. "Unasomaka nini ku kilima?"

"Masomo ya batu. Namna banaishi pamoja, na juu ya nini banagombanaka."

Mzee Bauma akanitazama, akatazama watu waliojaa pale, akanirudia mimi. "Weye unasomaka batu, na batu njo unakimbia?"

Watu walicheka, mimi nikalia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha hata kile ambacho si uchi. Mzee hakunionea huruma haraka. Alisema, "Ungetuambia, tungekupa hata kiti ya kukalia. Sasa ulituachia kutazama tu, na muntu mwenye kuogopa akitazama, anajijibu yeye mwenyewe." Kisha akaamua: kesho wazee watapanda na mimi.

"Na kama iko nasema bongo?" akauliza Papa Safari, yaani kama nasema uongo.

"Njo maana na weye utapanda."

Kesho yake tulipanda. Wazee na fimbo zao, Papa Safari mbele, mimi nyuma. Nilifungua simu nikaongeza sauti. Kwa bahati mwalimu alikuwa akifundisha juu ya mahari, namna inavyounganisha koo mbili. Ah, mwanangu, ungeona! Mzee mmoja alianza kubishana na simu: "Mwalimu, na kama bibi anakufa mbele ya mahari kuisha, inakuwa namna gani?" Ikabidi nimweleze kwamba mwalimu hamsikii. "Mwalimu gani hasikiaka?" akauliza, akaendelea kubishana naye. Tulipokuwa tunashuka Papa Safari alinisogelea. Akaniambia tu, "Ngombe yangu haitarudi, mama. Lakini weye rudi ku kazi."

Nilirudi. Na tangu siku hiyo sikusoma tena peke yangu. Siku za mtihani wenzangu walishika zamu yangu ya maziwa, wakageuza fromaji zangu pamoja na zao. Jirani alinipikia bugali na sombe ya majani ya muhogo nisichelewe kupanda. Hata jina la Mama Lisansi lilirudi, ila sasa mtu akiniita hivyo anaongeza, "Umefika wapi?" Memwari yangu, ile tasnifu ya kumalizia masomo, nilikuwa nimeianza juu ya viwanda vya Ulaya, nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Nikaiacha. Nikaandika juu ya barza yetu: jinsi shaka inavyozaliwa kijijini, na jinsi inavyopungua watu wakiisema mbele ya yule wanayemshuku, na yeye akapewa nafasi ya kujibu.

Siku ya kuitetea memwari ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikaacha ukungu. Mama mmoja wa kazini alinivika kitenge chake kipya ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajakivaa. Kilima kilijaa watu. Walimu niliwaona ndani ya simu, wadogo kama mbegu za maharagwe. Nilisema, nikasema vizuri. Kisha mwalimu mmoja mkali, mwenye miwani, akaniuliza: "Mama, haya unayoandika yanapendeza. Lakini mtu aliyemshuku mwenzake, ni kweli anaweza kumwamini tena? Ushahidi uko wapi?"

Nikafungua mdomo, rezo ikakatika.

Nilitazama kioo kimekuwa cheusi na nikaona Goma, vita, soko la Sake, kicheko, vyote vinanirudia. Ndipo nikasikia mtu anakimbia matopeni. Ni Papa Safari. Simu yake ilikuwa ya rezo nyingine. Alipanda juu ya jiwe lenye utelezi, akaiinua juu kabisa, akanipa intaneti yake. Walimu wakarudi kiooni.

"Mama, tulikuwa tunangoja jibu," akasema yule mwenye miwani.

Nikaigeuza simu yangu wamwone. "Mwalimu, yule aliyesimama juu ya jiwe, anayenishikia rezo, ndiye aliyenishtaki."

Mwalimu alivua miwani. Akatazama. Akacheka polepole, akasema jibu hilo linamtosha. Walipotangaza kwamba nimepita, tena kwa sifa, sikusikia mwisho wa maneno yao kwa vigelegele. Mzee Bauma alipiga fimbo chini akapaza sauti, yeye asiyepaza sauti: "Lisansi yetu! Tuliipata!" Watu walinibeba, mimi na kitenge cha watu. Na Papa Safari, maskini, bado alikuwa juu ya jiwe mkono hewani, akiuliza, "Nishushe mukono? Nishushe?"

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Waambie. Mwambie mkubwa wako wa zamu, waambie wale unaolala nao chumba kimoja, mwambie hata yule anayependa kukutania. Ukishindwa mtihani mmoja watakucheka, nami nilichekwa, na bado nakula bugali. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kichwa kimoja hakiwezi kazi na chuo kwa pamoja. Tena usisome watu kwa kuwakimbia. Hao unaoshuka nao mgodini ndio kitabu chako cha kwanza, waulize, wasikilize, nao watakubeba.

Mungu wa babu zetu akutoe salama katika kila zamu. Akupe macho mepesi ya kusoma ukiwa umechoka, na rezo isiyokatika. Na ikikatika, mwanangu, akupe mtu wa kupanda juu ya jiwe kwa ajili yako.