Anasema Asante

Mume wangu alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe. Yeye akaanza kujifunza Kiesperanto kwenye simu. Ni lugha ambayo mtu mmoja aliketi akaibuni ili watu wa mataifa yote waelewane, na hapa Voi mimi sijamjua mwingine anayeiongea. Kwa hivyo alikuwa akielewana na simu.

Mwezi uliopita akatangaza kwamba tunapata mgeni, mama mmoja wa Ulaya anayeongea lugha hiyo, anapitia kwetu akielekea mbugani kutazama ndovu. Hapo ndipo nilipokoma. "Mama watoto, akiingia sema bonvenon. Ndiyo karibu. Akikupa kitu sema dankon. Ndiyo asante. Jaribu tena, na utabasamu kidogo." Nakuna nazi, dankon. Naanua nguo, dankon. Nikamuuliza, na wewe hiyo asante unaijua kwa Kiswahili? Maana tangu tuoane nimempikia, nimemfulia, nimemuuguza alipolala na malaria, na neno hilo sijawahi kulisikia likija upande wangu. Akasema hayo ni mambo ya nyumbani, hayahitaji maneno. Nikaendelea kukunja nguo, lakini sikulisahau.

Mgeni akaja. Nikasema bonvenon yangu, akafurahi, akanikumbatia. Nikamnawisha mikono, akasema dankon. Nikampakulia kimanga, mihogo na maharagwe nilivyoviponda mwenyewe hadi mabega yakauma, akasema dankon. Nikasogeza chumvi, dankon. Na kila mara mzee wangu ananigeukia, kifua mbele: "Anasema asante."

Mara ya kwanza niliitikia vizuri. Baadaye nikachoka. "Nimesikia," nikamwambia. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi?"

"Wewe. Si unakula chakula hicho hicho?"

Akatazama sahani. Mgeni akauliza kitu, bila shaka alitaka kujua tunabishania nini, na kwa kuwa mume wangu hawezi kudanganya kwa lugha anayoiheshimu vile, akamweleza. Alieleza kwa muda mrefu. Mgeni akaweka kijiko chini, akamjibu polepole, neno kwa neno, kama mwalimu wa chekechea. Mzee akainamisha kichwa.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema asante. Anasema asante sana, kwa miaka yote."

Neno la asante kwa lugha yao nilikuwa nimelishwa hadi nikavimbiwa, na safari hii mgeni hakulitaja hata mara moja. Halafu mtu aliyefika leo asubuhi, hiyo miaka yote ameijulia wapi? Mwanamume mzima, hata asante yake mwenyewe lazima aipitishe kwa mtu wa Ulaya. Nikamwongezea mzee wangu kimanga, nikiwa bado nimeudhika.